Mwanamke Aliyesimama Mlangoni mwa Duka

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh niliianzia jikoni kwa watu. Ndege tuliyopanda Nairobi ilijaa akina dada waliokuwa wakienda kufanya kazi za nyumbani, maana ndiyo miaka ile mawakala walipokuwa wakipita mitaani kwetu wakiandikisha watu, na dereva aliyetumwa uwanjani hakuuliza swali. Aliona Mkenya mwenye buibui na mkoba, akasema yalla, twende, akanipeleka Al-Malqa kwenye jumba la ghorofa. Madam akanipokea vizuri, akanionyesha friji, akanionyesha pasi, akanionyesha chumba. Mie naitikia tu, nikidhani ni mwenyeji wangu wa kulala usiku mmoja. Aliponikabidhi aproni ndipo nikafungua mkoba, nikatoa vitabu. Akayasoma majalada, akaitazama aproni, akacheka mpaka akakaa chini. Nilikunywa chai kwake, kisha dereva akanifikisha chuoni.

Nawasimulia haya nyinyi walimu vijana kwa sababu mkisikia mtu alikwenda Uarabuni, la kwanza mnauliza madam wake alikuwa mkali kiasi gani. Wangu alikuwa na cheo: Mkuu wa Idara ya Kiingereza katika chuo cha wasichana, mama wa Kijordani tuliyemwita Daktora. Nilikuwa nimesomesha fasihi Mombasa tangu ujana wangu, na nilikuwa mtu mzima tayari, karibu na kustaafu. Daktora alinipa somo ambalo walimu wengine walikuwa wakilikwepa: Uhuru na Utaifa katika Fasihi ya Marekani. Alinieleza kwa upole kwamba wasichana wanaliona kavu. Nikamjibu kwamba mimi ni wa pwani, kikavu kwetu hutiwa nazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulisoma kwa zamu, yaani msichana mmoja anasoma aya kwa sauti, mwenzake anaendelea. Kisha tunachambua: nani anasimulia, mambo yanatokea wapi, na dhamira ni ipi, yaani lile jambo kubwa ambalo hadithi inalizungukia. Sheria yangu ilikuwa moja, nami niliishikilia kama shahada yangu: usiongeze chumvi. Kama mwandishi hakukwambia mtu alikula nini mchana, hujui alikula nini. Aliyeongeza lisilokuwamo nilimkata maksi, hata awe mtoto wa nani. Wanafunzi waliniita Abla, ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike kule, na nyuma ya mgongo wangu waliniita Abla Chumvi. Nilijua, na nilikuwa nikifurahi.

Kosa langu la kwanza, jamani, hata leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Siku hiyo Daktora alikuja kukaa nyuma ya darasa. Nikaanza na uhuru wa nchi: bendera inashushwa, nyingine inapandishwa, sisi watoto wa Mombasa tunapewa peremende. Tukafungua ukurasa wa pili, mtumwa anavuka mto kukimbilia kaskazini, nami nikaendelea na neno lile lile la Kiingereza, independence, kwamba na huyu naye kapata uhuru wake. Wasichana wakatazamana. Wakadhani mtumwa anakwenda kupandisha bendera. Daktora akainua mkono kama mwanafunzi.

“Abla, unafundisha istiqlal au unafundisha hurriya?”

La kwanza ni la nchi kumwondoa mtawala, la pili ni la mtu na nafsi yake. Wao wana maneno mawili, sisi tuna uhuru tu, na mie nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili bila kujijua. Nikawaeleza kwamba hilo neno letu asili yake ni lao wenyewe, tulilichukua kwao zamani. Msichana mmoja akasema basi tumelichukua moja tukalifanyisha kazi za watu wawili. Darasa zima likaangua kicheko, na Daktora naye.

Lakini kosa lile ndilo lililonipa njia ya kusomesha. Tangu siku hiyo kila hadithi tuliiuliza: uhuru huu ni wa nchi au wa mtu? Ukiuliza hivyo, Marekani haiwi kavu tena. Nchi ilipata uhuru wake mapema, ikaandika kwamba watu wote ni sawa, na ilipoandika ilikuwa na wachache tu moyoni. Watumwa hawakuhesabiwa, wenyeji wa ile ardhi hawakuhesabiwa, wanawake pia. Nusu ya vitabu vyao ni watu wanaobisha hodi kwenye sentensi ile. Wasichana wa Riyadh walilielewa hilo upesi kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa nikirudi hosteli yetu Al-Shumaisi jioni nikiimba kwenye basi.

Baadaye nikahamishiwa tawi la Jeddah. Huko bosi wangu alikuwa Naibu Mkuu wa Chuo, Wakila kwa cheo chake, mama mrefu mwenye kusema maneno machache. Wiki ile ile aliniita ofisini. Alitaka kuliondoa somo langu aweke Kiingereza cha Biashara. Somo likiondoka, mkataba umekwisha, na mkataba ukiisha ikama, kile kibali cha kuishi kule, nayo imekwisha, basi mie nyumbani. Nilimwomba kwanza aje kunisikiliza. Akakubali, kwa sharti.

“Nionyeshe msichana mmoja,” akasema, “mmoja tu, ambaye somo hili limemfanya aseme kitu ambacho hakukikuta kitabuni.”

Ala! Nami ndiye Abla Chumvi. Nilitoka pale nikihisi nimefungwa kamba yangu mwenyewe.

Katika darasa la Jeddah alikuwamo msichana mmoja, Salma, aliyekaa dirishani asiseme kitu tangu muhula uanze. Siku moja ukumbini nikamsikia kwenye simu: “Bibi, nakuja, usinipakulie mapema.” Kiunguja safi. Nikamwambia, “Hujambo, mwanangu?” Akaruka. Kumbe ni wale ambao wazee wao walihamia kule baada ya sitini na nne, nyakati za mapinduzi ya Unguja, na chuoni hakumwambia mtu. Ijumaa iliyofuata nikaalikwa kwao Al-Nuzha.

Bibi yake, Bi. Zuhura, alikuwa mdogo wa umbo, sauti ya chini, na Waswahili wote wa mtaa walimpelekea ugomvi wao awapatanishe. Ukitaja jina lake watu walisema, yule mama mngwana kweli. Alinilisha mpaka nikashindwa kuinuka, kisha akataka kujua nasomesha nini. Nikamsimulia hadithi ya mwisho ya silabasi yetu, fupi sana. Mwanamke aliyekuwa mtumwa kaachiwa huru, karatasi yake ya uhuru kaificha kifuani. Anakwenda mjini kununua kitambaa. Anafika mlangoni mwa duka, anasimama, anangoja aruhusiwe kuingia. Hakuna aliyemkataza. Hadithi inaishia hapo, yeye yuko mlangoni.

“Aliingia?” akauliza Bi. Zuhura.

Nikamwambia mwandishi hakusema, na lisilosemwa hatulijui. Akanitazama kwa masikitiko, akauliza mwandishi gani huyo anamwacha mtu juani. Kila Ijumaa niliyokwenda aliniuliza tena, pengine nimekumbuka.

Siku ya Wakila ikafika. Akakaa nyuma, hata daftari hakulifungua. Tukaisoma hadithi ile ile, nikauliza: mwanamke huyu yuko huru au hayuko? Wakajibu vizuri, wote kutoka kitabuni. Ana karatasi, basi yuko huru. Anaogopa, basi hayuko. Wakila akaanza kuweka mkoba wake begani. Nikaanza kufikiria nitafunga vipi mizigo. Ndipo Salma akasimama.

Akasema kwa Kiarabu, polepole, kwamba bibi yake anatoka kwenye lugha yenye neno mngwana. Zamani lilikuwa na maana ya mtu asiye mtumwa, basi. Siku hizi lina maana ya mtu mwenye adabu na huruma. Nikajua anakokwenda, nikataka kumzuia, kwa sababu mambo hayo familia za kwetu huyafungia ndani.

“Wazee wa bibi yangu walikuwa watumwa,” akasema. “Neno hilo halikuwa lao. Leo mtaa mzima unamwita hivyo, na hakuna aliyempa karatasi. Aliliingia neno mwenyewe, akakaa. Huyu wa kitabuni, nadhani, anangoja aambiwe ingia, kumbe mlango ni wake.”

Wakila akamwomba aliandike neno hilo ubaoni. Salma akahangaika, maana Kiarabu hakina ile ng yetu, ikabidi aongeze nukta juu ya herufi yao. Wakila akajaribu kulitamka, likamshinda, akajaribu tena. Kisha akashusha mkoba begani.

“Halas, basi,” akasema. “Somo linabaki.”

Nilifurahi, nami niliogopa. Jioni ile Bi. Zuhura akaniita. Nilimkuta sebuleni na kahawa, Salma kainamisha kichwa pembeni, macho mekundu.

“Umemsomesha mjukuu wangu mpaka ametoa siri ya nyumba mbele za watu,” akasema.

Nikaanza kuomba radhi, nikamwita mama, nikamwita bibi. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Kaa unywe kahawa. Siri ile nimetoka nayo Unguja nikiwa mwari. Nilikuwa nimechoka kuibeba, sikujua pa kuitua.”

Tulilia sote watatu, kisha tukala, na sijapata kula chakula kitamu vile.

Sasa nimestaafu, niko Mombasa, naamka nitakapo, na kubwa linalonisumbua ni kuku wa jirani. Watoto wa mtaani bado wananiuliza madam wangu alikuwaje. Nawaambia alikuwa mrefu na alishindwa kutamka ng. Somo lile analisomesha Salma siku hizi, katika darasa lile lile. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake namsikia Bi. Zuhura, mzee hasa sasa, akimsukuma aniulize lile swali lake. Aliingia au hakuingia?

Maisha yangu yote nimekata maksi za watu kwa kuongeza lisilokuwamo. Nikabonyeza simu, nikasema: “Mwambie Bibi aliingia. Tena akavishikashika vitambaa vyote vya dukani, na hakuna aliyemwambia nunua au toka.”