Mkono wa Kanzu ya Mgeni

Shehe wetu alinipa kazi ya kupokea wageni kwa sababu moja tu: nilikuwa najipendekeza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeshakaa katika darsa yake miaka sita, na hapo mtaani kwetu Madungu hapakuwa na mwanafunzi aliyenishinda kwa kufunga kilemba, kumtilia mkubwa maji ya kunawa, wala kuketi barazani bila ya kuonyesha nyayo. Adabu nilizijua mpaka nikawa naudhi watu. Basi ilipokuja barua kutoka Buganda, ya mzee mmoja aliyejuana na Shehe katika safari ya hija, kwamba anamleta mwanawe aje kusoma fiqhi na nahau, Shehe aliikunja ile barua, akanitazama, akasema, "Yuno ni wako."

Kichwa kilinivimba. Lakini Shehe hakuwa amemaliza. Kabla ya hapo alikuja mgeni mmoja kutoka Ngazija, nami nikampokea vizuri sana, yaani nilimsahihisha anavyokaa, anavyokula na anavyoamkia, mpaka wiki ya pili maskini akapanda chombo akarudi kwao bila ya kuaga.

"Wa kwanza katuponyoka," alisema Shehe. "Na huyu akirudi kwao kabla hajasoma, hatuletewi tena mwana wa mtu. Na barua ya kumweleza babaake mie siiandiki. Utakwenda mwenyewe ukamwambie."

Buganda! Sikujua hata iko upande gani. Nilijua tu kwamba kuna bahari katikati, na mimi bahari hunitapisha hata nikenda Kisiwa Panza.

Mgeni alifika siku ya Jumapili, kijana wa makamo yangu, mrefu, mpole, na sanduku lake la bati begani. Kanzu yake ilikuwa na nakshi nyekundu kifuani, ya kwao, na watu wa Madungu waliitazama sana. Kiswahili alikiokota kwa wachuuzi, lakini kilimtosha. Na alikuwa na daftari. Kila alichoambiwa alikiandika. Nilimwonyesha chumba chake ubavuni mwa msikiti, akaandika. Nikamwonyesha kisima, akaandika. Nilimpenda siku ile ile, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuyaandika maneno yangu.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: mgeni wa darsa halishwi na nyumba moja, analishwa na mtaa mzima kwa zamu, kila siku nyumba yake. Siku ya kwanza zamu ilikuwa ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane, ambaye nilikuwa nikiishi kwake. Baada ya sala ya adhuhuri nilitangulia nyumbani kuangalia chakula, nikamwambia mgeni anifuate. Njia ni moja, nyumba ni ya mwisho, hawezi kupotea.

Shangazi alikuwa amepika ndizi za nazi na samaki wa kupaka. Tukangoja. Samaki akapoa. Nazi ikaganda juu ya ndizi. Shangazi akaanza kuniuliza kama yule mtu nimempokea au nimempoteza. Alasiri imekaribia, ndipo mgeni alipotokea, anatembea taratibu, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Ulikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nakula," akasema. "Watu wenu ni wema mno. Sijapata kuona."

Sasa hapa lazima nieleze, ingawa Mpemba haelezwi. Kwetu mtu akiwa anakula na wewe unapita, ni wajibu wake akwambie "Karibu." Na wewe ni wajibu wako umjibu "Ahsante, starehe," ukaendelea na njia yako. Yeye ametimiza, wewe umetimiza, na samaki wake amebaki salama. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sikumbuki kama kuna mtu aliyetufundisha. Kwao Buganda, kumbe, mtu akikwita kwenye chakula ukakataa, umemtukana. Lazima uingie, ukae, ule chochote. Na baina ya msikiti na kwa shangazi palikuwa na nyumba kumi na moja, saa ile wote wanakula, na milango wazi.

Aliingia zote.

Na kwetu hakukataa pia. Alikaa mkekani, akavuta pumzi, akala ndizi zilizoganda, na jasho linamtoka. Shangazi alifurahi sana. Mimi sikufurahi, maana nilishajua kitakachofuata.

Kilifuata jioni hiyo hiyo. Jirani wa kwanza alinishika msikitini. "Yuno mgeni wako," aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "nilimkaribisha, akakaribia!" Wa pili alikuwa na kisahani cha pweza, yeye na mkewe na watoto wanne. Wa tatu alisema mgeni alikula kidogo tu, tonge mbili, lakini alikaa muda mrefu akiwaombea dua, na wali ukawapoa. Siku ya pili ikawa vile vile, na siku ya tatu vile vile. Siku ya nne watu wakaanza kula na milango imefungwa, kitu ambacho Madungu hakijapata kuonekana ila kukiwa na ugonjwa.

Niliona haya, na mimi nikiona haya hukasirika. Nilimwendea mgeni chumbani kwake, nikamwambia bila ya kumung'unya maneno: "Sikiliza. Huku kwetu mtu akikwambia karibu, usiende. Sema: ahsante, nimeshiba."

Alishtuka. Akachukua daftari. "Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Kila siku?"

"Kila siku! Hata wakikariri mara tatu!"

Akaandika. Nilitoka pale nimeridhika na kazi yangu, na kesho yake milango ya Madungu ikafunguliwa tena.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa fahari. Nilikuwa nikikaa barazani adhuhuri kumtazama mgeni wangu anavyopita. "Karibu!" "Ahsante, nimeshiba." "Karibu bwana!" "Ahsante, nimeshiba." Anaitika vizuri, mkono kifuani, kichwa kimeinama kidogo. Mpemba mtupu! Majirani wakanisifu. Nikaanza hata kufikiri kwamba yule wa Ngazija kosa lilikuwa lake.

Nilichokisahau, Mungu anisamehe, ni jambo dogo tu: sikumwambia vipi atakula.

Kwa sababu mwenye zamu naye alikuwa akisimama mlangoni pake, chakula kimepakuliwa, akimwita "Karibu!" Na mgeni alikuwa akimjibu kama alivyofundishwa: ahsante, nimeshiba. Mwenye zamu akimwambia tena, naye akijibu tena. Na mwenye zamu hakushangaa hata kidogo, kwani ni nani asiyejua kwamba mgeni yule hula kila nyumba? Kila mmoja alisema moyoni, ameshakamatwa na wenzangu njiani. Akarudi ndani akala fungu la mgeni pamoja na la kwake, bila ya kinyongo.

Siku tisa.

Darsani mgeni alianza kusinzia. Shehe akimuuliza jambo alilolisoma jana, anaanza kulijibu, halafu anaishia katikati na kutazama ukuta. Shehe aliniita pembeni. "Mgeni wako ala vyema?"

"Ala, Shehe? Ala mno. Mtaa mzima walilalamika."

Naye Shehe akaniamini. Kosa la kuaminiwa ni hilo, mtu haachi kusema.

Siku ya kumi, darsa imekwisha na watu wametawanyika, mgeni alibaki mbele ya Shehe na sanduku lake la bati. Kanzu ilimning'inia kama imetundikwa ukutani. Alipiga magoti, kwa desturi ya kwao, akaomba ruhusa ya kurudi kwa baba yake. Alisema elimu ni nzuri na Shehe ni mwema, lakini yeye hana uso wa kukaa mahali ambapo amewachosha watu.

"Nani kakwambia umewachosha?" aliuliza Shehe.

Mgeni hakunitazama. Alilifungua daftari, akasoma kwa sauti ndogo: "Watu wa hapa wakikwambia karibu, maana yake ni endelea na safari yako."

Hayakuwa maneno yangu, lakini nilijua yametoka kwangu. Shehe akamuuliza anakula nini basi. Akasema anakula mapera ya nyuma ya msikiti, na njugu alizonunua, na juzi aliokota shelisheli lililoanguka akalichoma. Alivyolisema lile shelisheli nilitamani ardhi ipasuke. Mimi siku hizo tisa nilikula wali kila siku, na juu ya wali nikila sifa.

Shehe alinigeukia. Kisha akaniambia mimi, si yeye, "Haya, mwalimu. Mfundishe sasa karibu ya kweli yatambuliwaje."

Nikafungua mdomo. Nikasema inatambulika kwa sauti. Shehe akasema, sauti gani? Nikasema kwa uso wa mtu. Uso gani? Nikasema mtu hutazama sinia, akiona kuna chakula kingi basi ni kweli. "Kwa hiyo mgeni achungulie masahani ya watu," alisema Shehe. Nikatahayari. Jambo nililolifanya maisha yangu yote, na sikulijua.

"Hebu mchukue njiani umwonyeshe," alisema. "Na mie niko nyuma yenu."

Tukatoka, saa ya chakula, mimi mbele, mgeni katikati na sanduku lake, Shehe nyuma. Nyumba ya kwanza wakatwambia karibu. Nikamnong'oneza mgeni, hii si ya kweli, wana dagaa tu. Ya pili, si ya kweli, yule amesema huku anatafuna. Ya tatu mwenyewe alisimama kabisa, akakunjua mikono, akacheka: "Karibuni jamani, karibuni!" Nikasema, hii ndiyo. Tukaingia wote watatu. Yule bwana uso ulimbadilika rangi. Nyuma ya pazia nikasikia mkewe akitoka mbio kwa mlango wa uani, na sauti yake ikitoka kwa jirani, anaazima mchele. Shehe akaomba udhuru, tukatoka. Hakunisema, na ingekuwa afadhali angenisema.

Basi tukafika mwisho wa njia, kwa shangazi. Alikuwa mlangoni anapeta mchele. Akaliona sanduku, akaniona mimi, akamwona Shehe, akauliza kuna nini. Shehe akamweleza kwa maneno machache.

Shangazi aliweka ungo chini. "Siku tisa?" alisema. "Mwana wa watu kakaa na njaa siku tisa, hapa Madungu, na weye wapita mbele yangu wapiga mluzi?" Kisha hakunisemesha tena mpaka siku ya tatu. Alimwendea mgeni, akamkamata mkono wa kanzu, akamvuta.

"Ahsante, nimeshi..." alianza maskini, maana alikuwa mwanafunzi mwema.

"Umeshiba nini? Mapera? Pita ndani!"

Akapita. Alikula muhogo na mchuzi wa changu, na shangazi amekaa mbele yake ameshikilia ule mkono wa kanzu muda wote, kama atatoroka. Ikambidi akae upande upande ili mkono wa kulia upate nafasi. Katikati ya kula alianza kulia, na huku anakula. Shehe akatazama nje. Na mimi nililia, nasema kweli, ingawa wakati ule nilisema ni moshi.

Tangu siku ile shangazi aliutangazia mtaa: mwenye zamu asimwite mgeni kwa mdomo. Atoke mlangoni, amshike mkono wa kanzu, amtie ndani. Asiyeshikwa apite, aseme starehe, hana lawama. Mgeni akaliandika. Sanduku likarudi chumbani, nami safari yangu ya Buganda ikavunjika.

Alikaa miaka minne, akahitimu. Na babake alileta wengine wawili, ndugu zake, na mpokezi wao hakuwa mimi.

Siku ya kuondoka kwake nilimbebea lile sanduku la bati. Ilikuwa saa ya chakula, naye alikuwa amevaa ile kanzu yenye nakshi. Tukapita njia ile ile, na hakuna aliyesema karibu. Walitoka nje. Nyumba ya kwanza wakamshika mkono wa kanzu, akaingia, akala tonge moja, akatoka. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na yule wa pweza, na yule aliyeazima mchele, wote kumi na moja. Mshono wa begani ulikatika nyumba ya saba. Tulipofika nyumba ya kumi wakawa wanamshika kwa kitambaa kinachoning'inia.

Ya mwisho ilikuwa kwa shangazi. Mwaka ule shangazi alikuwa hainuki tena kitandani, miguu ilikwisha nguvu. Kitanda chake tulikihamishia ukumbini, apate kuona njia. Tulipofika mlangoni hakuweza kutoka kumshika mtu. Alisema tu, kwa sauti ambayo ilikuwa haifiki mbali:

"Karibu, mwanangu."

Mgeni alisimama. Nilimwona anautazama mkono wake wa kanzu uliopasuka, ambao haukushikwa na mtu. Kisha akavua viatu akaingia, akaketi chini karibu na kitanda, akausogeza ule mkono wa kanzu mpaka kwenye vidole vya shangazi, akamsaidia kuvikunja.

Mimi nilibaki barazani na sanduku, najitia kuangalia njia, nangoja waagane. Shangazi akanisemesha kutoka ndani.

"Na weye wangoja ushikwe?"

Nikaweka sanduku chini, nikaingia.