Uru Hawajui "Viuatilifu", Wanajua Dawa

Saa mbili na nusu asubuhi, Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mzee Filemon amesimama katikati ya mibuni ya kihamba chake, shamba linalozunguka nyumba, bomba la kupulizia likiwa mgongoni, shati limeingia rangi ya bluu mpaka kwenye kola. Mbele yake, binti mwenye hijabu na fomu mkononi anasoma swali la kumi na saba.

"Baba, umewahi kutumia viuatilifu?"

"Hapana," anajibu mzee bila kusita. "Sijawahi kabisa."

Rukaiya Shakiru analitazama lile bomba. Anafumba macho, anavuta pumzi.

"Na hiyo ya mgongoni ni nini, baba?"

"Hii? Si ni dawa ya kahawa!"

Hiyo ni fomu ya arobaini na tatu, na katika zote zilizotangulia swali hilo limejibiwa "hapana". Rukaiya, mwanafunzi wa uzamili katika chuo kimoja mjini Moshi, anatafiti chanzo na dalili za mwanzo za Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu mashambani, ndizo viuatilifu, zinashukiwa. Kwa mujibu wa karatasi zake, wakulima hawa wa kahawa hawajawahi kuzigusa.

"Wiki sita napanda huu mlima kutoka Shirimatunda, huko chini mjini," anasema. "Kumbe nauliza Kiswahili cha ofisini! Yaani najichukia, jamani."

Anampigia simu msimamizi wake palepale, akiomba kubadili neno hilo moja. Anaambiwa dodoso limeshapitishwa, na kulibadili kunahitaji kibali kipya, kama miezi mitatu hivi. Neno moja! Mwandishi wa makala haya alimwomba Rukaiya arudie jibu hilo, akidhani hakusikia vizuri.

Mzee Filemon, mwenye miaka 61, anamwonea huruma.

"Usijisumbue, binti. Dawa zenyewe siku hizi feki. Hazina hata harufu. Zamani ukifungua kopo tu, machozi yanatoka."

Sauti inatoka jikoni. Ni mkewe, Elisifa.

"Hazina harufu? Baba Antoni, hiyo dawa inanuka mpaka humu ndani! Na juzi mtori umeungua, wewe umekaa hapohapo karibu na jiko, kimya. Nimechoka kusema."

Rukaiya anaacha kuandika.

Kupoteza uwezo wa kunusa kunaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka kadhaa. Peke yake hakuthibitishi ugonjwa. Mafua huleta hali hiyo, umri pia. Hata hivyo, Rukaiya anamwomba Elisifa kahawa iliyokaangwa, anamwambia mzee afumbe macho, kisha anamsogezea puani.

Mzee ananusa mara tatu.

"Udongo?" anakisia.

Huyu ni mtu aliyezaliwa kwenye kahawa. Elisifa, aliyekuwa ameanza kucheka, anaichukua ile kahawa na kuinusa mwenyewe.

"Mkono wangu hautetemeki," mzee anasema, akiunyoosha. "Hospitali nitaenda kusema nini?"

"Utasema hunusi," anajibu mkewe. "Au nikusemee?"

Rukaiya anampigia tena msimamizi wake. Anataka kumpeleka mzee Alhamisi kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Safari hii jibu linakuja haraka: mtafiti haruhusiwi kuingilia. Akimpeleka, taarifa za mzee zitaondolewa kwenye utafiti.

"Sasa tunatafuta dalili za mapema ili iweje?" anauliza, simu ikiwa imeshakatwa. "Tukimpata mtu, tumwache?"

Kibali kikitoka, anasema, atarudi nyumba zote na swali jipya, "dawa ya kahawa", na atabeba kahawa ya kunusisha. Anatamani siku moja kila zahanati ya mlimani iwaulize wazee habari za pua badala ya kusubiri mikono itetemeke.

Anaichomoa fomu ya Mzee Filemon kwenye faili, anaikunja mara mbili, anamkabidhi Elisifa.

"Mama, mpe daktari hii. Wamtoe tu kwenye utafiti. Alhamisi saa moja asubuhi nampitia."