Sketi ya Shule Wakati wa Eda

Mwaka 2009, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kushuka juu ya ziwa, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja na nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari hapa Gisenyi, Rwanda. Usicheke, mwanangu. Au cheka kidogo, kisha tuendelee, maana wenzangu darasani walicheka pia, na baadaye wakanizoea hata wakaniita Mama mbele ya walimu.

Wewe uko sekondari leo, na umekuja kuniuliza ufanye nini pale dini, watu na nafsi yako wanapokuvuta kila mmoja upande wake. Sina jibu la haraka. Nina habari ya siku chache za maisha yangu, na tarehe zake nazikumbuka vizuri.

Mapema mwezi ule wa Septemba, mwalimu wetu wa uraia alitupa kazi ya kueleza mbele ya darasa kile tunachoamini, kile ambacho jamii inakitaka kwetu, na sisi wenyewe ni nani. Wenzangu waliona haya, wakasema maneno mawili matatu wakakaa. Mimi nilisimama kama mtu anayehutubia bunge. Nilisema kwamba imani yangu ni Uislamu niliorithi kwa wazazi wangu, kwamba jamii yangu ni mtaa wangu, na kwamba mimi ni mwanamke nisiyeogopa kitu. Mwalimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, aliniuliza kwa adabu itakuwaje siku mambo hayo matatu yakikataa kuelewana. Nilimjibu kwamba kwa mtu mwenye heshima hayawezi kukosa kuelewana. Darasa likapiga makofi, nami nikakaa nikiwa nimeridhika sana.

Siku ya Jumanne, tarehe 29 ya mwezi huohuo, mume wangu Hamisi alifariki.

Hamisi alikuwa fundi cherehani. Nilipoamua kurudi shuleni mwaka 2004, baada ya kuitumia nusu ya maisha yangu nikiwa na elimu ya darasa la sita tu, hapakuwa na duka lenye sare ya kunitosha. Alinipima mwenyewe kwa utepe wake, akashona sketi ya buluu iliyokoza na mashati mawili meupe, akasema kwamba katika kazi yake yote hajapata kumshonea mwanafunzi mwenye kiuno cha namna ile. Hayo ndiyo maneno yake ya mapenzi, na sikuwahi kutaka mengine.

Kwetu, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, halali nje ya nyumba aliyoishi na marehemu. Nilihesabu tangu siku ya msiba na kuona kwamba eda yangu ingeisha Februari. Mitihani ya taifa ilikuwa mwishoni mwa Oktoba.

Wanawake wa mtaa walikuja kunipa pole, na kila mmoja alinifariji kwa njia ileile: mtihani utakuwapo tena mwaka ujao. Idi, kaka yake Hamisi, aliyekuwa akiendesha basi dogo kati ya mjini na Rubona, alisema pia kwamba watu wanatutazama na kwamba jina la ndugu yake liko mikononi mwangu. Nilikubali yote kwa kuinamisha kichwa. Nikayafunga madaftari yangu ndani ya kitenge na kuyaweka juu ya kabati.

Kisha akaja Claudine, msichana tuliyekaa naye dawati moja, Mkatoliki kutoka Nyundo. Alikuwa ameniletea maelezo ya masomo niliyoyakosa. Aliposikia kwamba sitafanya mtihani, alinitazama kama aliyeibiwa.

"Mama, we kweli? Ni dini gani hiyo inakataza mutu kufanya mtihani?"

Nilimkatiza kwa ukali. Nilimwambia hayo ni mambo ya dini yetu na hayamhusu. Msichana wa watu aliacha karatasi zake kwenye kiti akaenda zake. Angalia ajabu ya moyo wa binadamu, mwanangu: jambo nililokuwa nikilinung'unikia nilipokuwa peke yangu, nililitetea kama mali ya urithi mara tu mtu wa nje alipoligusa.

Aliyesikia yote hayo ni mama mkwe wangu, Bibi Mwajuma. Alikuwa ameketi pembeni akichambua maharagwe. Alikuwa amemzika mwanawe, na katika siku zile alizungumza kwa shida. Claudine alipokwisha kutoka, aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akaniita kwa jina la kifungua mimba wangu.

"Mama Yusufu, nani alikukataza mtihani?"

Nilimjibu kwamba ni dini.

"Dini ilikuja hapa saa ngapi? Mi niko hapa tangu asubuhi, sikuiona."

Nikasema kwamba basi ni watu. Akaniuliza ni mtu gani. Nilimtaja Idi, nikawataja wanawake wawili watatu, na kila jina lilipotoka mdomoni mwangu lilionekana dogo kuliko nilivyodhani. Bibi alitupa jiwe alilolikuta ndani ya maharagwe.

"Ukitoka, watasema. Ukibaki, watasema vilevile, eti masomo yalikushinda ukajificha ndani ya eda ya mwanangu. Na mi sitaki mutu ajifiche ndani ya eda ya mwanangu."

Hakuna aliyewahi kunikemea vile tangu nilipoolewa. Nilitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kushika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mwaka ule shule zote zilikuwa zimehamia Kiingereza. Sisi tulioanza kwa Kifaransa tulikuwa tukisoma historia na uchumi kwa lugha tuliyoikamata kwa ncha za vidole. Watoto wa miaka kumi na minane waliizoea upesi. Mimi nililala na kamusi kifuani. Nilijua kwamba ningeweza kushindwa, na kwamba kushindwa kwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja kungezungumzwa sokoni hadi mpakani. Eda ilipokuja, pamoja na uchungu wake wa kweli, ilinifungulia mlango wa heshima wa kutokea. Ningesifiwa kwa kutofanya nilichokuwa nikikiogopa. Mimi, nisiyeogopa kitu.

Nilimuuliza Bibi kama anajua sheria inasema nini. Akasema hajui. Alipokaa eda yake hapakuwa na mtihani uliokuwa ukimngoja, kwa hiyo hakuwahi kuuliza. "Bon, haya, tuulize. Kuuliza haikatazwi."

Akamtuma mtu kwa sheikh wa msikiti wetu, naye akaahidi kuja kukaa nasi kikao.

Siku tatu kabla ya kikao nilipanda juu ya kiti nikayashusha madaftari. Sikuwa na ruhusa bado. Nilitaka tu, kama ruhusa itakuja, isinikute nimekwisha kujinyima mwenyewe.

Kikao kilikuwa Jumapili, tarehe 18 Oktoba 2009, baada ya sala ya alasiri, sebuleni kwetu. Sheikh alikuja na mzee mmoja wa msikiti. Idi alikuwapo, na Bibi, na mimi nyuma ya meza ya cherehani ya marehemu. Idi alianza kusema kwa niaba yangu, kama desturi ilivyo: kwamba familia imeona ni vyema mjane atulie, na kwamba mjane mwenyewe ameridhika. Alisema vizuri, wala hakukusudia ubaya. Sheikh alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akageuza kiti chake.

"Sasa namuuliza mwenye eda. Mama, haja yako ni nini?"

Mwanangu, nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, kama tulivyofundishwa. Yote iliniruka. Nilisema kwamba nataka kufanya mtihani, kwamba naogopa nitashindwa, na kwamba hata hivyo nataka. Nikasema pia kwamba kama sheria inakataza, nitakaa, lakini nataka nikae kwa sababu nimeambiwa na anayejua, si kwa sababu nimeona aibu.

Sheikh alisema kwamba mjane aliye edani anaweza kutoka mchana kwa haja isiyoweza kumngoja, mradi asijipambe, na arudi kulala nyumbani kwake. Alisema mtihani wa taifa haungoji mtu. Nitoke asubuhi, nifanye kilichonitoa, nirudi moja kwa moja. Maneno yake hayakuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilishangaa jinsi jambo lililonilemea wiki zile zote lilivyokuwa na jibu jepesi, nalo lilikaa msikitini, hatua chache kutoka mlangoni petu, likingoja tu aulize mtu.

Idi hakuwa ameridhika. Aliuliza itakuwaje kuhusu sare: mjane wa ndugu yake apite barabarani na sketi ya watoto wa shule, kaburi likiwa bado bichi? Sheikh alitabasamu na kusema kwamba hajawahi kumwona mtu aliyejipamba kwa sare ya shule. Mzee wa msikiti akacheka. Idi hakucheka.

Ndipo Bibi Mwajuma akainuka, akaingia chumbani, akatoka na ile sketi ya buluu. Aliiweka juu ya magoti ya mwanawe aliyebaki.

"Tazama mushono."

Idi aligeuza pindo. Lilikuwa limepigwa mara mbili, kama Hamisi alivyomalizia kila nguo iliyotoka mikononi mwake, hata za wateja waliomsumbua. Idi aliupitisha uzi ule chini ya kidole gumba, polepole, mwanzo hadi mwisho. Sisi wengine tulitazama chini. Alipokwisha, aliikunja sketi kwa uangalifu ambao sikumjua nao.

"Bon. Asubuhi nitamupeleka mwenyewe, na jioni nitamurudisha. Watu wakisema, waseme na mimi."

Hivyo ndivyo jambo lilivyoamuliwa. Usiniulize nilipata alama ngapi. Hilo lilikuwa la watahini. La kwangu lilimalizika siku ile.

Nasaha yangu basi ni hii. Unaposema dini imekukataza, uwe umeiuliza kweli, kwa mtu aliyeisoma, na uwe tayari kulitii jibu hata likiwa si ulilolitaka. Unaposema watu hawataki, wataje kwa majina, kisha uende ukae nao. Mara nyingi utakuta ni wawili, na mmoja wao ana huzuni yake tu. Lakini kabla ya hayo yote, chungulia ndani mwako uone kama hofu yako haijavaa kanzu ya uchamungu. Yangu ilivaa, na ilinipendeza sana. Nafsi haijulikani kwa kusimama darasani na kuitangaza. Mimi niliijua yangu siku niliposema naogopa, mbele ya watu ambao nilitaka waniheshimu.

Jioni ile, kabla ya kuondoka, sheikh aliinua mikono akamwombea marehemu rehema na mwanafunzi ufahamu, na aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Idi. Nami nainua mikono hiyohiyo juu yako, mwanangu. Mungu akupe imani isiyoogopa kuulizwa, akupe karibu nawe mtu wa kukukemea kwa mapenzi, na siku watu watakapokusema, asikose mmoja wa kusimama mlangoni na kuwaambia waseme na yeye. Amina.