Bisibisi ya Foromani Lutonja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Foromani Lutonja, msimamizi wa mafundi katika karakana ya kampuni moja ya usafirishaji pale Kirumba, aliitikia shikamoo yangu, akaitazama ovaroli iliyonipwaya, kisha akanipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao.

"Binti, ncha weka kwenye injini, mpini weka sikioni. Usiniambie unaona nini. Niambie unasikia nini."

Nilisikia kelele tu. Yeye alisikia valvu iliyolegea, beringi iliyochoka, na kabureta inayokunywa kupita kiasi. Kwa vijana wasioijua, kabureta ndiyo iliyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Ilikuwa na skrubu ndogo; ukiigeuza vibaya, gari linatoa moshi mweusi na tangi linakauka kabla hujafika Misungwi. Lutonja aliigeuza amefumba macho, akisikiliza silensa, yaani mngurumo wa gari likiwa limesimama. Hakuna gari lililotoka getini kabla hajalisikiliza. Hiyo ilikuwa sheria yake, na hata Meneja aliiheshimu.

Likaja soko huria, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika mjini. Siku kampuni iliponunua la kwanza, tulifunua boneti tusione kabureta. Kulikuwa na nozeli nne, kila silinda na yake, zikinyunyiza petroli kwa amri ya kisanduku cha kompyuta kilichopima hewa na joto. Petroli iliungua vizuri zaidi, na lita ileile ikafika mbali. Lutonja alilizunguka gari lile kama mtu aliye mnadani mbele ya ng'ombe asiyemwelewa.

"Haina skrubu," alisema. "Sasa mimi nishike wapi?"

Tulicheka, maana alisema kwa utani. Meneja hakucheka.

Gereji nyingi mjini ziling'oa mitambo hiyo na kufunga kabureta za zamani. Magari yaliwaka, yakarudia ulafi uleule. Meneja hakutaka ujinga huo, akanipeleka kozi Dar es Salaam. Huko mkufunzi alituonyesha mashine ya kusoma hitilafu, kisha akasema, "Mashine ikikosekana, tafuteni bisibisi ndefu." Akaweka ncha kwenye nozeli, mpini sikioni. Nozeli nzima hugonga tik-tik-tik, iliyokufa hunyamaza. Nusura nipige vigelegele darasani. Kozi ikanichosha tangu hapo, nikitamani kurudi nimwambie Foromani kwamba sikio lake bado lina kazi.

Niliporudi, Foromani alikuwa ameshapunguzwa kazi. Nilimweleza Meneja habari ya bisibisi.

"Ndiyo naisikia leo," alijibu bila kuinua macho. "Nafasi yake nimekupa wewe."

Jumapili iliyofuata niliomba pikapu yenye nozeli mbovu, nikaiendesha ikikohoa mpaka kwa Lutonja, Misungwi. Sikuwa na nia nyingine zaidi ya kumfurahisha mzee wangu. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi na mkewe. Niliacha injini ikiunguruma, nikamweleza, nikampa bisibisi. Aliinama, akafumba macho, akapitia nozeli moja baada ya nyingine. Kwenye ya tatu alisimama.

"Hii haisemi."

"Ndiyo hiyohiyo, Mzee."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe zinaongea! Mama, njoo usikie!" Kisha akaingia ndani haraka, nami nikadhani anakwenda kunawa. Alitoka amevaa ovaroli yake, imefuliwa, vifungo vyote vimefungwa.

"Twende zetu," alisema. "Meneja kasema nianze leo au kesho?"

Nimestaafu sasa, nami nilikuwa foromani kwa miaka mingi. Wajukuu hudhani kazi ngumu ilikuwa kushusha injini. Injini nimeshusha nyingi, na sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni kumweleza Lutonja, mkewe akisikiliza, kwamba hakuna aliyenituma. Najuta kwenda siku ile, na kila nikijaribu kufikiri ningefanyaje, naona hata kama nisingekwenda ningejuta.

Hakunilaumu. Aliifuta bisibisi kwa kiganja, akanirudishia.

"Zima gari, mwanangu," alisema. "Petroli inaungua bure."