Leo Nimekunja Uso Tena

Leo nimekunja uso, na chama kizima kikanyamaza.

Wasionijua: mimi ni mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa chama cha akina mama hapa Komarock.

Miezi minne iliyopita binti yangu alinipeleka kudungwa sindano ya kulainisha makunyanzi ya paji la uso. Nikapendeza kweli. Lakini wanachama wakaanza kuchelewa mikutanoni, maana hawakuiona tena hasira yangu!

Basi leo Mama Atieno akaingia akiwa amechelewa saa nzima, anacheka, mandazi mkononi.

Nikamtazama tu.

Akaganda mlangoni. "Haiya! Mwalimu, uso umerudi?"

"Umerudi. Keti."

Wenzake wakauliza mbona sindano haikudumu. Nikawaeleza polepole: dawa ile hulegeza misuli kwa miezi mitatu au minne hivi, kisha misuli huamka. Misuli yenye nguvu huamka mapema, na yangu imewakunjia wanafunzi uso kwa miaka thelathini.

Nilikuwa na miadi ya kudungwa tena Ijumaa.

"Nenda, Mwalimu," Mama Atieno akanisihi. "Ulikuwa umependeza sana."

Nikapiga simu nikaifuta miadi ile pale pale, akiniangalia.

Nyinyi mngeenda?