Gunia la Michembe kwa Watu wa Uganda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka inanichanganya upya. Tulikuwa Ushirombo. Mapigano na Uganda yalikuwa yamekwisha, lakini kaka yangu Shija, aliyekwenda na jeshi, alikuwa hajarudi. Hatukujua kama ni mzima au amekufa.

Asubuhi alikuja Bi Zuhura, jirani yetu muuza kanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakaa akikunja na kukunjua upindo wa kanga yake. Mwishowe akasema, "Mama Shija, nina neno, ila naogopa kulisema nyumbani kwako."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Kule magharibi ya Uganda Waislamu walikuwa wakifukuzwa na majirani zao, nyumba zikichomwa, eti kwa sababu mtawala aliyekimbia alikuwa wa dini yao. Wengine walilala porini na watoto. Pale msikitini walikuwa wakikusanya nguo na chakula, na lori lingeondoka kesho yake.

Sisi tulikuwa watu wa misheni. Mitaani watu walishaanza kunong'ona: samaki mmoja akioza, wote wameoza, leo tuwalishe waliotuletea vita? Nami nilikuwa msichana mkubwa tayari, lakini sikujua nishike lipi. Nilimhurumia Bi Zuhura, na papo hapo nilimchukia.

Mama aliinuka. Aliingia ndani akaburuta gunia la michembe, vile viazi vyetu vya kukata na kuanika juani, akiba yetu ya kiangazi.

"Mayu," nikamwambia mama, "hao ndio waliompiga Shija risasi!"

"Nani kakwambia Shija kapigwa risasi?" Alinikazia macho mpaka nikainama. "Na huyo mtoto anayelala porini, ndiye aliyeshika bunduki? Shika huko tunyanyue."

Nikashika. Mikono ilinyanyua, moyo ukabaki chini.

Lori liliporudi, Bi Zuhura alituletea shukrani, huku akicheka kwa aibu. Wale watu hawakuijua michembe! Walidhani ni magome ya mti, wakaitafuna mikavu hivyo hivyo, mpaka dereva akawasha moto akawachemshia. Mama alicheka sana, halafu kicheko kikageuka kilio.

Shija alirudi mvua zilipoanza, amekonda, haongei. Siku moja mama akamweleza tulichopeleka, na kwa nani. Akaweka bakuli chini, akatoka kwenda zizini. Mimi niliona amekasirika; mama aliona ameguswa. Jioni akarudi, akasimama mlangoni.

"Watu wale niliwaona," akasema. "Mngeongeza na chumvi."

Basi. Hakusema zaidi mpaka alipotutoka, na sijui hata leo ni nini alichokiona.

Mwanangu, wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi. Na nyasi haziulizwi zilikuwa za tembo yupi. Usingoje moyo utulie ndipo utoe. Wangu haukutulia siku ile, lakini waliokula walishiba. Na kabla hujatoa, uliza wenzako wanakula nini.

Mungu akupe mkono mwepesi kuliko hasira yako. Na ikitokea siku ukafukuzwa kwako, akukutanishe na watu wasiouliza unasali wapi.