Sabodineti wa Mama Chai

Bosi wetu alirudi kutoka semina na neno jipya, na wiki nzima hatukupumua: sabodineti. Maana yake, alituambia huku akigonga meza, ni mtu aliye chini yako kwa cheo, anayepokea amri kwako. Ikawa balaa. Mhasibu akawa anamwita mpokea wageni "sabodineti wangu", dereva akamwita hivyo mwosha magari, na mimi karani, niliyelichapa neno lenyewe mpaka vidole vikauma, nililijaribu kwa mume wangu nikanuniwa siku mbili.

Ingeishia kwenye maneno, sawa. Lakini bosi akatunga na fomu ya likizo. Chini kabisa aliweka mstari: sahihi ya sabodineti atakayeshika nafasi yako. Hakuna sahihi, hakuna likizo.

Sasa mtazame Mama Chai. Miaka kumi na tisa anapika chai, anaosha vikombe na kupiga deki vyumba vyote sita. Binti yake wa pekee alikuwa wa leo au kesho, mimba ya kwanza, na alishaapa kwamba bila mama yake pembeni hasukumi kitu. Mama Chai akaniletea fomu. "Mwanangu, nijazie." Tukajaza mpaka kwenye ule mstari, tukakwama. Chini ya Mama Chai kuna sakafu tu.

Akaenda kuomba. Mlinzi akamwambia, "Niwe chini yako, na kofia yote hii?" Dereva alicheka hadi akapaliwa. Jamani, watu wana roho mbaya! Na chai yake wanaifakamia vikombe viwili viwili.

Siku ya tatu akaingia na paka wa stoo kwapani, akamchovya mguu kwenye wino wa muhuri wangu, akaugandamiza kwenye fomu. Nikaipeleka. Ningefanyaje? Bosi akatuita wote wawili.

"Hii ni nini?"

"Sahihi, mzee," alisema Mama Chai. "Huyu nikimwita anakuja."

"Paka anajua kupika chai?"

"Hajui. Kwani wewe unajua?"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Papo hapo simu ya Mama Chai ikalia: uchungu umeanza. Machozi yakamlengalenga, akamkodolea macho bosi. Bosi angeweza kuifuta sheria yake, lakini alishajisifia nayo makao makuu, na yule mtu kukubali kosa ni heri ang'olewe jino. Akaivuta fomu, akamkata paka kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi yake mwenyewe.

Mama Chai alikuwa ameshafika mlangoni. "Mhasibu hatumii sukari," alisema, akatoka mbio.

Kesho yake tulikunywa kitu cha uvuguvugu chenye ladha ya masizi, na hakuna aliyethubutu kukunja uso. Saa tano simu ya ofisi ikalia, nikapokea. Mtoto wa kike, mama na mwana salama! Nikapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio.

"Asante, mwanangu," alisema Mama Chai. "Haya, nipe sabodineti wangu."

Bosi akaweka trei chini, akapokea simu amesimama wima.

"Hongera sana, mama. Ndiyo, mama. Vikombe nimeviosha, mama." Akasikiliza. "Hapana, mama, bila sabuni." Akainua tena trei. "Basi navirudia, mama."